Kutupa karata si jambo moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nisahihishe jambo lililochapishwa katika ukurasa wa watoto wa gazeti lako, ambako mwandishi wako alieleza namna ya kucheza karata za kukusanya, yaani zile ambazo kila mchezaji huja na rundo lake mwenyewe alilolipanga nyumbani, akitaja Magic: The Gathering, Pokémon na Yu-Gi-Oh!. Makala yenyewe niliipenda, na watoto wa mtaani kwetu waliikata na kuibandika ukutani. Tatizo liko katika sentensi moja iliyosema kwamba “mchezaji mwenye karata zaidi ya sita hutupa zilizozidi, na karata ikitupwa nguvu yake huamka.” Sentensi hiyo ina makosa mawili, na yote mawili yametokana na neno “kutupa” kubebeshwa mzigo usio wake.

Kosa hilo nimelijua kwa njia ya ugomvi. Mpwa wangu, anayeishi Muscat na wazazi wake, alikuja Tanga likizo akiwa na maboksi mawili ya karata za Yu-Gi-Oh!, na kwa muda wa wiki mbili baraza letu, ambalo kwa kawaida ni la wazee wa wahedi wa sitini, likageuka uwanja wa mazimwi. Jioni moja mtoto wa jirani alifungua karata ya mtego iitwayo Raigeki Break, ambayo humtaka mwenye kuitumia atupe karata moja ya mkononi mwake ili aangamize karata moja iliyoko uwanjani. Akaitupa karata ya zimwi iitwayo Goldd, Wu-Lord of Dark World, kisha kwa madaha makubwa akaitoa kaburini, yaani kwenye fungu la karata zilizokwisha kutumika au kutupwa, na kuiweka uwanjani, akidai kwamba imetupwa na kwa hiyo imeamka. Mpwa wangu akakataa. Mwenzake akaenda ukutani, akarudi na kipande cha gazeti lako, akaniwekea kidole kwenye sentensi ile na kusema, “Mjomba, soma mwenyewe.” Nikasoma. Kwa mujibu wa gazeti, alikuwa na haki. Kwa mujibu wa mchezo hakuwa nayo, na ilinichukua sehemu kubwa ya jioni ile, miwani puani na karata mkononi, kuona ni kwa nini.

Maandishi ya Goldd yanasema kwamba zimwi hilo huingia uwanjani likiwa limetupwa kaburini kwa athari ya karata, na uzito wote uko kwenye maneno hayo ya mwisho. Mtu anayetumia Raigeki Break hatupi karata kwa athari. Anaitupa kama malipo. Malipo hutolewa wakati karata inapoitishwa, kabla haijaanza kufanya kazi yoyote, kama vile mteja anavyotoa shilingi zake juu ya meza ndipo muuza duka anyooshe mkono kwenye rafu. Ushahidi wa wazi ni huu: mpinzani akiibatilisha Raigeki Break kwa kutumia Solemn Judgment, hakuna kinachoangamizwa uwanjani, lakini karata iliyotupwa inabaki kaburini na hairudi mkononi mwa mwenyewe. Kama kutupa kungekuwa sehemu ya athari ya karata ile, kungebatilika pamoja nayo. Linganisha na Dark World Dealings, ambayo huagiza kila mchezaji alambe karata moja kisha atupe karata moja. Hapo kutupa ndiyo kazi yenyewe ya karata, na Goldd akitupwa kwa njia hiyo anarudi uwanjani mzimamzima. Tena akitupwa kwa athari ya karata ya mpinzani, anaweza pia kuangamiza hadi karata mbili za mpinzani huyo, jambo ambalo mpwa wangu alimwonyesha mwenzake siku iliyofuata bila huruma.

Kuna njia ya kuitambua tofauti hiyo kwa macho, na naitaja kwa sababu wewe mhariri unaishi kwa alama za uandishi. Tangu 2011 karata za Yu-Gi-Oh! zimeandikwa kwa mpangilio maalumu, ambapo yale yanayofanyika wakati wa kuitisha karata, yakiwemo malipo, huandikwa kabla ya nukta mkato, na yale yanayotimia baadaye huandikwa baada yake. Nukta mkato moja ndiyo inayoamua kama zimwi litafufuka au litalala. Karata zilizochapishwa kabla ya hapo hazikuwa na mpangilio huo, na katika maboksi ya mpwa wangu za zamani na za sasa zimechanganyika, hivyo siwalaumu watoto waliokosea kwa kuzisoma zote kwa jicho moja. Nawalaumu kidogo tu wale wanaosema kwamba alama za uandishi ni mapambo.

Kipo pia kitendo cha tatu, na ndicho ambacho mwandishi wako alikuwa anakieleza bila kukitenga na vingine. Mchezaji wa Yu-Gi-Oh! anapofika mwisho wa zamu yake akiwa na karata zaidi ya sita mkononi, hulazimika kutupa mpaka zibaki sita. Kutupa huko si malipo wala si athari ya karata, bali ni agizo la kanuni za mchezo, kwa hiyo ukoo wote wa Dark World, yaani wa mazimwi ndugu zake Goldd, ukitupwa hapo hulala kaburini kimya. Na juu ya vitendo hivyo vitatu kipo cha nne kinachofanana navyo kwa sura tu. Card of Demise humtaka aliyeitumia apeleke kaburini karata zake zote za mkononi mwishoni mwa zamu, lakini maandishi yake yanasema “kupeleka”, hayasemi “kutupa”, na kwa kanuni za mchezo huo kupeleka si kutupa. Karata ni ileile, imetoka mkononi uleule na kuzikwa kaburi lilelile, ila jina la kitendo ni jingine, na jina hilo ndilo linalohesabiwa.

Wasomaji wengine watasema huu ni ubishi wa watoto wenye muda mwingi. Nawaomba wavute subira, kwa sababu mchezo wa pili uliotajwa katika makala unakwenda kinyume kabisa na huu, na mtoto anayehama kutoka mmoja kwenda mwingine akiwa na sentensi ile mfukoni atapotea mara mbili. Katika Magic, mchezo uliobuniwa na Richard Garfield na kuanza kuuzwa 1993, zimo tangu toleo la Torment la 2002 karata zenye sifa inayoitwa wazimu. Karata ya namna hiyo ikitupwa, badala ya kushuka kaburini huwekwa kwanza uhamishoni, yaani mahali pa pembeni pasipo kaburi, na mwenyewe anaweza kuicheza kutoka huko kwa bei maalumu iliyoandikwa juu yake. Wazimu hauulizi karata imetupwa kwa sababu gani: iwe ni malipo, iwe ni athari ya karata ya mpinzani, iwe ni kuzidi kwa idadi mwishoni mwa zamu, huamka vilevile. Kwa hiyo kama mwandishi wako angekuwa anazungumzia karata hizo peke yake, nusu ya pili ya sentensi yake ingekaribia ukweli. Humohumo kwenye Magic imo Obstinate Baloth ya 2010, ambayo huingia uwanjani badala ya kaburini pale tu mpinzani anapokuwa ndiye aliyesababisha itupwe; mwenyewe akiitupa kwa hiari yake haipati chochote. Kila karata, basi, ina swali lake inalouliza inapotupwa, na asiyejua swali hawezi kujua jibu.

Sasa nirudi kwenye nusu ya kwanza ya sentensi, ile ya idadi. Sita ni ya Yu-Gi-Oh!. Katika Magic mwisho ni saba, na katika Pokémon hakuna mwisho, mchezaji anaweza kushika karata nyingi kadiri mikono yake inavyoweza kuzibeba. Lakini kosa zito zaidi kuliko idadi ni wakati. Msomaji wa makala ataamini kwamba anayelamba karata ya saba anapaswa kutupa moja hapohapo, na hivyo ndivyo watoto wa mtaani kwetu walivyokuwa wanacheza, wakilaumiana kila mtu alipolamba. Ukweli ni kwamba kanuni hii husubiri mwisho wa zamu, tena zamu ya mwenye karata mwenyewe. Mchezaji wa Magic anaweza kuwa na karata 12 mkononi katikati ya zamu yake na asivunje kanuni yoyote. Na akilamba nyingi wakati wa zamu ya mpinzani, atakaa nazo zote mpaka mwisho wa zamu yake inayofuata. Kutupa kunafanyika katika hatua ya mwisho kabisa, hatua ya kufagia uwanja, ambapo kwanza zilizozidi hutupwa, kisha majeraha ya viumbe hufutwa pamoja na nguvu zote zilizokuwa za “mpaka mwisho wa zamu”. Kwa kawaida hakuna mtu anayeruhusiwa kucheza chochote katika hatua hiyo, isipokuwa jambo fulani liwe limeamshwa ndani yake, kama vile karata yenye wazimu kutupwa. Hapo wachezaji hupewa nafasi ya kujibu, na baada yake uwanja hufagiwa upya.

Kucheleweshwa huko ndiko kunakofanya mchezo uwe na ladha, kwa sababu mchezaji anapata zamu nzima ya kuamua zipi aziache na zipi azizike. Kwa wazee wa barazani hili lilikuwa gumu kuliko yote. Katika wahedi wa sitini garasa ni garasa. Huitupa bila majuto, na aliyelamba dume hulificha mpaka saa yake ifike. Katika michezo hii aliyelamba zimwi kubwa asiloweza kuligharimia angehesabika kwetu kuwa amelamba garasa, na kumbe anaweza kuwa amelamba dume la kaburini. Mchezaji wa Yu-Gi-Oh! mwenye Monster Reborn mkononi hutafuta kwa udi na uvumba namna ya kulitupa zimwi lake kubwa, ili alifufue kwa karata moja bila kupitia ngazi zote za kuliita. Mchezaji wa Magic mwenye Reanimate, karata iliyotoka 1997, hufanya vivyo hivyo kwa mana nyeusi moja tu, mana ikiwa ndiyo nguvu ya kulipia karata, ingawa hulipa pia kwa uhai wake kiasi kinacholingana na bei ya kiumbe anachokifufua. Mzee mmoja, bingwa wetu wa turufu kwa miaka mingi, alitazama mchezo huo mara tatu mfululizo kisha akauliza kama kaburi hilo lina mlango wa nyuma. Nikamjibu kwamba linao, na kwamba wachezaji wazuri huingilia huko.

Mzee huyohuyo ndiye aliyenifungua macho kuhusu chanzo cha mkanganyiko. Aliposomewa kwamba mwenye karata zaidi ya sita “hutupa zilizozidi”, alielewa kwamba mtu huyo anaruhusiwa kucheza karata zote za ziada kwa mpigo, akashangaa kwa nini kuzidisha kunapewa zawadi. Hakukosea Kiswahili. Katika karata zetu za kopa, uru, shupaza na pau, ambazo majina yake tumeyarithi kwa Wareno, kutupa karata ni kuicheza: anayechelewa huambiwa “Tupa!” na wenzake, naye hushusha karata yake mezani ishindane na nyingine. Karata iliyotupwa kwetu imeingia mchezoni. Katika michezo aliyoieleza mwandishi wako, karata iliyotupwa imetoka mchezoni, walau kwa muda. Neno moja limekuwa na maana mbili zinazopeana mgongo, na makala ikalitumia bila kumwonya msomaji aliyekulia barazani.

Hata wageni wenyewe hawakubaliani juu ya upana wa neno lao. Katika Magic na Yu-Gi-Oh! kutupa kunahusu karata za mkononi tu. Kiumbe kinachokufa uwanjani hakikutupwa, kimeangamizwa au kimetolewa kafara, na karata inayotoka juu ya rundo kwenda kaburini haikutupwa pia. Pokémon inalitumia neno hilo kwa mapana yote. Ultra Ball hudai utupe karata nyingine mbili za mkononi ndipo uitumie; Professor's Research hukutupisha mkono mzima na kukulambisha karata saba mpya; lakini pia karata za nishati zilizobandikwa kwa Pokémon hutupwa ili imudu kurudi nyuma, na Pokémon iliyoshindwa hutupwa pamoja na kila kilichobandikwa juu yake. Tena Pokémon haina kaburi. Ina fungu la zilizotupwa, na nadhani ni ubinadamu kuwaachia watoto wadogo jina hilo la upole.

Mwandishi wako aliongeza, kwa kupita, kwamba katika Magic asiyependa karata zake za mwanzo “huzitupa na kulamba nyingine”. Hapana. Tangu 2019 utaratibu ni kwamba huzirudisha rundoni, huchanga, hulamba tena saba, na akishaamua kuzikubali huweka chini ya rundo karata moja kwa kila mara aliyorudia. Hakuna hata moja inayofika kaburini.

Napendekeza, basi, kwamba ukurasa wa watoto utakapoirudia mada hii utumie maneno tofauti kwa vitendo tofauti. Karata inayoingia uwanjani tuseme inachezwa au inashushwa. Karata inayotoka mkononi kwenda kaburini, na hiyo peke yake, tuseme inatupwa, na kila mara tutaje ni kwa malipo, kwa athari au kwa kanuni. Karata zinazotoka juu ya rundo moja kwa moja kwenda kaburini tuseme zinapukutishwa, kama majani ya mwembe wakati wa upepo, kwa kuwa rundo huisha kidogo kidogo, na katika Magic na Yu-Gi-Oh! anayetakiwa kulamba karata huku rundo lake limeisha hushindwa, na katika Pokémon hushindwa asipoweza kulamba mwanzoni mwa zamu yake. Mpwa wangu yeye anapenda “kusaga”, na ana hoja, kwa sababu wachezaji wa Magic walikipa kitendo hicho jina kutokana na karata ya 1994 iitwayo Millstone, yaani jiwe la kusagia. Sitagombana naye, ila kwangu mimi unga ukishasagwa haurudi kuwa punje, na karata hizi hurudi.

Nataja jiwe hilo kwa sababu linaonyesha kwamba hata watengenezaji wa michezo hii walilazimika kurekebisha maneno yao. Jina la kusaga lilikuwa la mitaani kwa zaidi ya miaka 25, mpaka 2020 lilipoingizwa rasmi katika maandishi ya karata za Magic. Kabla ya hapo, 2009, mchezo huohuo uliacha kusema kwamba karata fulani “imeondolewa mchezoni” na kuanza kusema kwamba iko uhamishoni, kwa kuwa karata zilizodaiwa kuondolewa zilikuwa zikirudishwa na karata nyingine, na msemo ukawa unajipinga wenyewe. Yu-Gi-Oh! nayo ilibadilisha neno lake la maana hiyo 2011. Kama wenye mchezo waliona aibu ya neno lisilokaa sawa wakalibadilisha, sioni kwa nini sisi tunaolitafsiri tuwe wavivu kuliko wao.

Liko jambo moja la mwisho ambalo makala haikuligusa, nalo huleta vurugu kuliko idadi: ni nani anayechagua karata ya kutupwa. Maandishi yasiposema lolote, mwenye mkono ndiye mchaguzi. Lakini katika Magic, Duress ya 1998 na Thoughtseize ya 2007 humruhusu mpinzani aone mkono mzima na kuchagua mwenyewe, ndani ya mipaka iliyoandikwa juu ya karata, na Hymn to Tourach ya 1994 huacha bahati itwae mbili. Yu-Gi-Oh! ina Delinquent Duo, ambayo humtupisha mpinzani karata moja kwa bahati, kisha nyingine kwa hiari yake. Panapoandikwa bahati, mwenye karata hapaswi kusukuma ile asiyoipenda mbele ya kidole cha mwenzake. Sisi tunazipindua, tunazichanga na kurusha dado, na tangu tuanze hivyo sauti barazani zimepungua.

Kwa toleo lijalo naomba sentensi ile ifutwe na mahali pake pasomeke hivi: “Katika Yu-Gi-Oh!, mchezaji anayefika mwisho wa zamu yake mwenyewe akiwa na karata zaidi ya sita mkononi huchagua zilizozidi na kuzitupa kaburini. Kutupa huku ni agizo la kanuni, si malipo wala si athari ya karata, kwa hiyo hakuamshi karata zinazohitaji kutupwa kwa athari.” Ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini mtoto wa jirani ameshaniambia kwamba atabandua ile ya zamani ukutani ikitoka.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Ngamiani, Tanga